Kromi ardhini na kisimani: mwongozo kamili wa kusafisha eneo la kiwanda

Dizeli ikimwagika ardhini, vijidudu vya udongo huitafuna polepole, na baada ya miaka kadhaa hubaki harufu tu. Kromi haina mwisho huo. Ni elementi: haiozi wala haiungui ikaisha. Ukiichimba umeihamisha, ukiiacha inakungoja. Kwa hiyo mkandarasi akikuambia "tutaiondoa yote", muulize anaipeleka wapi. Kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kuigeuza kutoka hali inayotembea na kudhuru iwe katika hali iliyolala, halafu kuhakikisha hakuna kitakachoiamsha.

Nimemwandikia afisa mazingira wa halmashauri, mhandisi wa maji, mtu aliyenunua kiwanja chenye kiwanda kilichofungwa, na jirani mwenye kisima anayetaka kujua amuulize nini mshauri. Mifano mingi ni ya Marekani na Uskoti, maana huko taka za kromi zilimwagwa kwa mamilioni ya tani na usafishaji wake umefuatiliwa kwa miongo. Kwetu Afrika Mashariki vyanzo ni vingine: viwanda vya ngozi, karakana za kuchovya vyuma kwenye kromi, na mitambo ya kutibu nguzo za umeme kwa dawa ya shaba, kromi na aseniki. Kemia ni ileile.

Kromi mbili, tabia mbili

Udongoni utaikuta kwa sura mbili. Kromi-tatu ndiyo inayozipa ngozi zinazotoka kiwandani zikiwa bado mbichi ile rangi ya samawati. Hii hung'ang'ania udongo, na kwenye maji ya pH 7 hadi 10 karibu haiyeyuki (pH ni kipimo cha ukali: chini ya 7 ni tindikali, juu ya 7 ni alkali). Kromi-sita ni ya njano, inayeyuka kama chumvi ya mezani, na ina chaji hasi kama ilivyo mfinyanzi, kwa hiyo udongo hauishiki vizuri. Maji yanakokwenda, nayo inakwenda.

IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka kromi-sita mwaka 1990 kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuwaletea binadamu saratani. Ushahidi mzito zaidi ni wa mapafu ya wafanyakazi walioivuta. Kwenye kiwanda cha J & J White pale Rutherglen, pembeni ya Glasgow, wafanyakazi walitoboka ukuta wa katikati ya pua kwa vumbi lake, na mwanasiasa Keir Hardie aliyapigia kelele mateso yao mwaka 1899. Kiwanda kilifungwa miaka ya 1960, lakini taka zake, zinazokadiriwa kuwa zaidi ya tani milioni mbili, bado zimelala chini ya viwanja vya kusini-mashariki mwa mji huo.

Kinachotatiza ni kwamba kromi-tatu inaweza kuamka. Oksidi za manganizi, zile chembe nyeusi zilizomo kwenye udongo mwingi, huigeuza kuwa kromi-sita pole pole. Moto huifanya haraka zaidi. Nimewahi kuona vipande vya ngozi ya kiwandani vikitumika kuwashia tanuri la matofali, na mwenye tanuri akaniambia vinawaka vizuri kuliko kuni. Alikuwa anasema kweli. Ila majivu yake usiyaweke bustanini. Kromi iliyoingia motoni ikiwa tatu huweza kutoka ikiwa sita.

Hatua ya 1: Wakinge watu kwanza

Usisubiri ripoti kamili. Kama kuna dalili nzito, funga kisima siku hiyohiyo, na kufunga maana yake ni kung'oa mkono wa pampu au kukata umeme wa mota. Tangazo la karatasi halimzuii mtu mwenye kiu. Peleka maji mbadala kabla hujafunga, la sivyo watu watarudi usiku.

Waeleze wazi kwamba kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, kromi inabaki, na kilichomo sufuriani kinakuwa kikali zaidi. Klorini nayo haiitoi, na inaweza hata kuigeuza kromi-tatu kuwa sita. Vichujio vya kitambaa au vya udongo havishiki kitu kilichoyeyuka. Mashine ya RO, inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana, inaitoa, lakini maji taka yake yanabeba kromi yote iliyokataliwa, kwa hiyo panga pa kuyapeleka.

Kwenye ardhi yenyewe adui ni vumbi. Lowesha, funika kwa turubai, zuia njia ya mkato ya watoto wa shule, na mtu asifagie pakiwa pakavu. Kisha toa taarifa: Tanzania ni NEMC, taasisi ya serikali ya mazingira, na bodi ya maji ya bonde husika; Kenya ni NEMA, mwenzake wa huko, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ukitoa taarifa mapema unakuwa mtu anayeshughulikia tatizo. Ukichelewa, tatizo linakuwa wewe.

Hatua ya 2: Tafuta historia kabla ya kutafuta mashine

Mzee aliyekuwa mlinzi wa kiwanda kwa miaka ishirini ana thamani kuliko vipimo kumi vya mwanzo. Muulize beseni la kuchovya lilikuwa wapi, maji ya kuoshea sakafu yalielekea wapi, ni mwaka gani bomba lilipasuka, kifusi kilichotoka hapo kilikwenda kujaza kiwanja cha nani.

Swali hilo la mwisho ndilo husahaulika. Katika wilaya ya Hudson, jimbo la New Jersey, viwanda vitatu vilisafisha madini ya kromi tangu 1905 hadi 1976, na mabaki yake yaligawiwa kama kifusi kizuri cha ujenzi. Yalijazwa chini ya nyumba, barabara na viwanja. Baadaye kuta za vyumba vya chini zikaanza kuota fuwele za njano na kijani, na sakafu zikavimba. Kwa hiyo kagua kuta zinazotoa unga wa njano kipindi cha kiangazi, zege lililoinuka bila sababu, na mabaka ambayo nyasi zimekataa kuota.

Pale Elizabeth City, North Carolina, kwenye kambi ya walinzi wa pwani wa Marekani, karakana ya kuchovya kromi ilifanya kazi zaidi ya miaka thelathini hadi 1984. Uvujaji ulikuja kugunduliwa Desemba 1988, jengo lilipokuwa likibomolewa. Tindikali ilikuwa imetoboa sakafu ya zege na kuingia ardhini, na mto Pasquotank ulikuwa mita 60 tu kutoka hapo. Tutairudia karakana hii.

Hatua ya 3: Chukua sampuli ambazo hazitakudanganya

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu kromi-sita hubadilika ndani ya chupa. Fuata utaratibu huu kila mara.

Pampu maji polepole, chini ya nusu lita kwa dakika, mpaka pH, joto na upitishaji umeme vitulie. Ukivuta kwa kasi unakoroga tope, na tope lina kromi-tatu ambayo haikuwa inasafiri. Chuja hapohapo kisimani kwa kichujio cha mikroni 0.45. Kisha jaza chupa mbili tofauti. Ya kwanza ni ya kromi yote kwa jumla: tia tindikali ya naitriki mpaka pH ishuke chini ya 2. Ya pili ni ya kromi-sita, na hii usiitie tindikali kamwe, kwa kuwa tindikali huharakisha kugeuka kwake kuwa kromi-tatu na maabara itakuletea sifuri ya uongo. Iweke kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 24. Kama maabara iko mbali, tumia bafa ya amonia salfeti inayoshikilia pH kati ya 9.3 na 9.7, nayo itakupa hadi siku 28. Ukiwa Kigoma na maabara iko Dar es Salaam, bafa hiyo ndiyo itakayookoa kazi yako.

Kwa uchunguzi wa haraka kuna kifaa cha mkononi chenye unga wa difenilikabazaidi. Unaweka maji mililita kumi kwenye kichupa, unatia pakiti moja, unatikisa, unasubiri dakika tano. Pasipo na kromi-sita maji hayabadiliki. Ikiwepo, yanaanza kuwa waridi, na ikiwa nyingi yanakuwa zambarau kama juisi ya zambarau zenyewe. Kipimo hiki kinakusaidia kujua uchimbe wapi. Usikitumie kufunga kesi.

Usitegemee macho. WHO inapendekeza kromi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 0.05 kwa lita. Marekani kiwango cha taifa ni 0.1 kwa kromi yote, na California tangu Oktoba 2024 inadai kromi-sita isizidi 0.01. Katika viwango hivyo vyote maji ni meupe kabisa. Ukiona unjano, umeshapita mpaka mara nyingi.

Pima pia kromi ya asili ya eneo, kwa visima vya upande ambao maji yanatoka. Hinkley, California, kampuni ya PG&E ilimwaga maji ya minara ya kupozea kituo chake cha kusukuma gesi kwenye mabwawa yasiyo na tandiko, tangu 1952 hadi katikati ya miaka ya 1960. Kesi ya wakazi ilimalizwa mwaka 1996 kwa dola milioni 333. Lakini swali la ni kiasi gani cha kromi kilikuwapo kiasili lilibishaniwa miaka mingi. Makadirio ya mwanzo ya mikrogramu 3.1 kwa lita hayakuaminiwa na wengi, mpaka wanajiolojia wa serikali, USGS, wakafanya uchunguzi mpya uliochapishwa 2023. Usiposuluhisha jambo hili mwanzoni, utabishana nalo mwishoni.

Hatua ya 4: Chora ulimi

Uchafu unaosafiri chini ya ardhi hufanana na ulimi: mzizi wake uko kiwandani na ncha yake inaelekea mtoni au kisimani. Unahitaji kujua urefu wake, upana wake, kina chake na kasi yake.

Anza na visima vitatu vya uchunguzi vilivyokaa pembetatu. Pima usawa wa maji katika vyote siku moja, ukitoa kwenye alama moja iliyopimwa na mpima ardhi. Hapo utaona maji yanateremka upande gani. Baada ya hapo ongeza visima kuufuata ulimi, na sehemu zilizo muhimu weka viwili au vitatu pamoja kwa vina tofauti. Maji ya beseni la kromi ni mazito kuliko maji ya kawaida, na huzama. Corvallis, Oregon, chini ya karakana ya United Chrome Products, maji yalikutwa na kromi-sita hadi miligramu 19,000 kwa lita. Kisima kifupi hakikuonyeshi kinachopita chini yake.

Kasi unaikokotoa hivi. Tuseme mchanga unapitisha mita 12 kwa siku, mteremko wa maji ni 0.003 (sentimita 30 kwa kila mita 100), na nafasi kati ya chembe ni 0.3 ya ujazo. Zidisha 12 kwa 0.003, gawa kwa 0.3: unapata mita 0.12 kwa siku. Kama mto uko mita 60, maji yanafika kwa siku 500. Kromi hubaki nyuma kidogo kwa sababu baadhi hushikwa na udongo, lakini usijipe matumaini makubwa.

Sasa uzito. Ulimi wenye urefu wa mita 60, upana 35 na unene 5 ni mita za ujazo 10,500. Maji yaliyomo ni asilimia 30, yaani 3,150. Wastani ukiwa miligramu 5 kwa lita, ambayo ni sawa na gramu 5 kwa mita ya ujazo, kromi-sita iliyoyeyuka ni kilo 15.75. Ndiyo, kilo kumi na tano na ushei tu. Mfuko wa saruji una uzito mara tatu ya hapo, na bado kromi hiyo imeharibu maji ya mtaa mzima.

Hatua ya 5: Toa mzizi

Hakuna dawa itakayoshinda chanzo kinachoendelea kuvuja. Vunja sakafu, ng'oa mabeseni na mabomba, chimba udongo ulioloa. Udongo chini ya karakana ya Elizabeth City ulikuwa na kromi hadi miligramu 14,500 kwa kilo. Udongo wa namna hiyo unatibiwa, kisha unapelekwa dampo lililoruhusiwa kupokea taka hatarishi, kwenye lori lililofunikwa, na karatasi ya safari inayosainiwa pande zote mbili. Lori likitoka bila karatasi, kifusi hicho utakuja kukutana nacho chini ya nyumba ya mtu.

Wafanyakazi wavae glavu za mpira, buti, ovaroli zisizokwenda nyumbani kufuliwa, na barakoa yenye chujio la P3 au P100. Barakoa ya kitambaa haisaidii hapa. Mkwaruzo mdogo ukiingiwa na kromi-sita hugeuka kidonda kirefu cha duara kisichopona upesi, kwa hiyo kila mchubuko uoshwe palepale.

Chimba kiangazi kama ratiba inaruhusu. Shimo lililojaa maji ya masika ni bwawa jipya la kromi.

Hatua ya 6: Jaribu kwenye mtungi kabla ya kujaribu ardhini

Ukiniuliza nichague hatua moja ambayo watu huiruka na kujuta, ni hii. Dawa hapa ni kitu chochote kinachoigeuza kromi-sita kuwa tatu. Chukua udongo wa eneo lenyewe na maji ya eneo lenyewe. Tenga mitungi mitano. Wa kwanza usitie dawa. Minne iliyobaki tia kipimo cha hesabu (tutakikokotoa hapa chini) mara moja, mara mbili, mara nne na mara nane. Pima kromi-sita, pH, manganizi, chuma na aseniki baada ya siku 1, siku 7 na siku 28. Kisha fungua mitungi iliyofaulu, pitisha hewa kwa wiki kadhaa, upime tena. Kama kromi-sita inarudi, umegundua kwa gharama ya mitungi mitano badala ya gharama ya mradi mzima.

Hesabu ya msingi: kila chembe moja ya kromi-sita inahitaji chembe tatu za chuma-mbili, aina ya chuma iliyomo kwenye salfeti ya chuma. Kwa salfeti ya chuma ya kawaida, zile fuwele za kijani zinazouzwa kwa magunia, ni kilo 16 kwa kila kilo ya kromi. Kwa ulimi wetu ni karibu kilo 252. Lakini oksijeni, naitreti na udongo wenyewe navyo vitakula dawa, na ipo kromi iliyoshikwa kwenye chembe ambayo haikuonekana ndani ya maji. Ndiyo maana mitungi inakwenda hadi mara nane.

Hatua ya 7: Chagua dawa kwa kuangalia pH

Usianze na katalogi ya muuzaji. Anza na pH ya udongo.

*Pakiwa na pH ya kawaida, 5 hadi 8.* Salfeti ya chuma hufanya kazi vizuri na ni rahisi. Kromi huganda pamoja na chuma kwenye mchanganyiko usioyeyuka hata kidogo, mgumu kuliko kromi-tatu ikiwa peke yake. Koroga dawa muda mfupi kabla ya kuipampu, maana hewa inaiharibu: maji ya kijani kibichi yakigeuka rangi ya kutu ndani ya tangi, dawa imekwisha kabla haijafika. Pampu kwa shinikizo dogo. Ukilazimisha, unapasua ardhi na dawa inapita kwenye ufa mmoja. Angalia pia kwamba inashusha pH, na pH ikishuka sana metali nyingine zinaanza kutembea.

*Pakiwa na taka za madini ya kromi yaliyochomwa na chokaa, pH 11.5 hadi 12.5.* Hali hii ndiyo ya Hudson na Glasgow, ambako madini yalichomwa na magadi na chokaa. Hapa salfeti ya chuma ni kosa. Chuma kinaganda kikigusa tu alkali, kabla hakijakutana na kromi iliyofichwa ndani ya vipande. Tena salfeti inaungana na chokaa na alumini kutengeneza fuwele zinazovimba, na ardhi inainuka na kupasua kila kilichojengwa juu yake. Polisalfaidi ya kalsiamu, dawa nyingine ya kuigeuza kromi-sita, hufaa zaidi kwa alkali, ila isikutane na tindikali: inatoa gesi ya mayai viza ambayo kwa wingi inaua, na pua huacha kuinusa kabla hatari haijapita. Kwa taka za namna hii, mara nyingi uamuzi wa busara ni kuchimba kinachochimbika na kufunika kilichobaki kwa tandiko na mfinyanzi ili mvua isipite. Si usafi kamili, lakini ni afadhali kuliko dawa inayovimbisha shule.

*Kulisha vijidudu.* Ukiweka ethanoli, molasi au mafuta ya mimea, vijidudu vinakula, vinamaliza oksijeni, na katika hali hiyo kromi-sita inageuka kuwa tatu. Hinkley wanapampu ethanoli kwenye visima vilivyopangwa mstari kukata njia ya ulimi. Mahali pengine pa Hinkley wanavuta maji yenye kromi na kumwagilia alfalfa, majani ya mifugo, kwa mipira ya matone. Kromi inageuzwa kwenye udongo wenye mizizi na kubaki hapo. Matone yana sababu yake: kinyunyizio kingerusha kromi-sita hewani watu waivute. Napenda njia hii kwa sababu molasi tunayo na mkulima anaielewa, lakini ina deni. Maji yakikosa oksijeni, manganizi, chuma na aseniki vya asili huyeyuka. Hinkley limewatokea, wakalazimika kuvifuatilia hivyo pia. Usiweke visima vya molasi karibu na kisima cha kunywa.

*Kuvuta na kutibu juu.* Kwa maji makali sana hii ndiyo ya kuanzia. Kwenye tangi, shusha pH hadi 2 au 3, tia metabisalfaiti ya sodiamu (karibu kilo 2.7 kwa kilo ya kromi, na ziada kidogo), subiri unjano ugeuke kijani, kisha pandisha pH hadi 8 au 9 kwa chokaa. Tope la kijani litatuama. Likamue, lipeleke dampo husika, na asitokee mtu wa kulichoma. Fanya kazi palipo na hewa, kwa kuwa dawa hii kwenye tindikali inatoa gesi ya salfa inayokaba. Tatizo la kuvuta ni mkia. Miezi ya kwanza kiwango kinaporomoka na kila mtu anapongezana, halafu kinasimama juu kidogo ya kiwango kinachokubalika na hakishuki tena, kwa sababu kromi iliyojificha kwenye mfinyanzi inatoka tone kwa tone. Zima pampu, na baada ya miezi kinapanda. Panga mapema utahamia dawa gani mkia ukifika.

*Ukuta wa chuma.* Hapa ndipo Elizabeth City walipofanya jambo ambalo mpaka leo linafundishwa. Juni 1996 mashine ya kuchimba mtaro ilipita kati ya karakana na mto, ikichimba na kujaza kwa wakati mmoja. Kwa muda wa kama saa sita waliacha ardhini ukuta wa urefu wa mita 46, kina mita 7.3 na unene mita 0.6, uliojazwa tani 450 za punje za chuma. Gharama ya kuuweka ilikuwa kama dola nusu milioni. Maji yanaingia upande mmoja yakiwa na kromi, yanapita kati ya punje, yanatokea upande wa pili bila kromi. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna mlinzi wa usiku. Yaliyoingia na zaidi ya miligramu 10 kwa lita yalitoka chini ya 0.01, na vipimo vya miaka minane baadaye vilionyesha ukuta ungali ukifanya kazi.

Ukuta wa namna hii unafaa pale ambapo ulimi hauko kirefu na chini yake kuna tabaka lisilopitisha maji. Kwa kasi yetu ya mita 0.12 kwa siku, maji yatakaa siku 5 ndani ya ukuta wa mita 0.6, na hiyo inatosha vizuri. Chuma chakavu cha gereji hakifai bila kuoshwa: kina mafuta, na mafuta hufunika uso wa punje. Ukikosea mwelekeo wa maji, ulimi utazunguka pembeni ya ukuta, kwa hiyo Hatua ya 4 iwe imekamilika kweli.

Udongo usiofanana ndio unaoangusha hesabu nzuri. Hanford, jimbo la Washington, ambako kromi ilitoka kwenye dawa ya kuzuia kutu ya maji ya kupozea vinu vya nyuklia, walitengeneza ukanda wa kutibu kwa kupampu dithionaiti, nayo ni dawa ya kuigeuza kromi-sita, ardhini. Sehemu za ukanda huo ziliishiwa nguvu mapema kuliko ilivyotarajiwa, pale ambapo matabaka membamba ya changarawe yalipitisha maji kwa kasi na kumaliza dawa. Hatimaye ikabidi wategemee kuvuta na kutibu.

Hatua ya 8: Kufuatilia, na lini uache

Pima kila robo mwaka, na vipimo viwili kati ya hivyo viwe vya msimu: maji yakiwa juu kabisa mwishoni mwa masika, na yakiwa chini kabisa mwishoni mwa kiangazi. Maji yanapopanda yanafika kwenye udongo mkavu ambao dawa haikuugusa, na kromi iliyolala hapo inashuka nayo. Mradi uliopimwa kiangazi tu utaonekana umefaulu. Mimi sisaini kufunga eneo kabla ya masika mawili mfululizo bila kromi kurudi, na manganizi na aseniki nazo ziwe zimetulia.

Kila ripoti iwe na kromi-sita, kromi yote, pH, oksijeni na hali ya kupoteza au kupokea elektroni, ile inayosomwa kwa milivolti. Namba hiyo ya mwisho ikianza kupanda kwenye eneo lililotibiwa, hewa inaingia, na hiyo ni onyo la miezi kabla kromi haijaonekana.

Kama umeacha kromi chini ya tandiko, iandikwe kwenye hati ya kiwanja na nakala ikae ofisi ya ardhi, ili anayechimba msingi wa ghorofa mwaka 2050 ajue anachimba nini. Na visima vya uchunguzi usivifunike kwa mifuniko ya chuma. Itaibwa iuzwe chakavu ndani ya mwezi, watoto watajaza mawe, na utalazimika kuchimba upya. Mimina mifuniko ya zege yenye pete ndogo, ipige namba kwa ncha ya msumari kabla haijakauka, na funguo za bomba za ndani zikae sehemu mbili: ofisini kwako, na kwa mwenyekiti wa mtaa.